Goti Nililolificha

Naikumbuka siku moja ya soko la mifugo hapa Garissa, mwanangu, nikiwa kijana mwenye shingo nene na akili nyembamba. Usicheke. Kazi yangu wakati huo ilikuwa Marekani, kucheza ule mpira wao wa kubeba mkononi na kugongana. Nilisimama nyuma ya ukuta wa walinzi wa mbele, na yeyote aliyepenya na mpira, ilikuwa juu yangu kumwangusha. Miaka minne nililipwa mshahara kwa kuangusha watu, jambo ambalo mama, Mungu amrehemu, hakulielewa kamwe.

Msimu ulipoisha nilikuja nyumbani, mtaa wetu wa Waberi, kupumzika, kabla ya kurudi kutia saini mkataba mpya. Sasa hapo ndipo penye kosa. Katika mechi ya mwisho goti langu la kushoto lilikuwa limelia kwa ndani, na sikumwambia mtu. Nimelelewa malishoni kule Bura, ambako kijana akichomwa na mwiba huuchomoa huku anatembea. Mbele ya daktari wa timu nikajikaza, nikanyoosha hatua, yakaisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyofunzwa, lakini kijana husikia methali kama anavyosikia redio ya jirani.

Asubuhi hiyo ya soko mjomba wangu Dahir, Abti kama tunavyomwita mjomba kwa Kisomali, dalali wa ngamia, aliniomba nimshikie kamba ngamia jike mbele ya mnunuzi kutoka Meru. Mnunuzi alimpenda mnyama, mkono ukaingia mfukoni. Abti akamzuia.

"Rafiki, ngoja kwanza. Hii ngamia iko na shida ya goti, hii ya nyuma. Nakwambia kabla hujatoa besa."

Mtu yule alishukuru, akaenda kutazama wengine. Mimi nilikasirika. Katika dini yetu muuzaji hutaja kasoro ya mnyama wake, nalijua hilo, lakini biashara ilikuwa imekwisha kuiva! Nikamwambia Abti kwa Kisomali kwamba angenyamaza tu, ngamia auzwe.

Abti hakupandisha sauti. Aliitazama miguu yangu kwa jicho lile lile la kutazamia mifugo.

"Tangu ufike unashuka ngazi za msikiti kwa mguu mmoja," akasema. "Hao waliokuajiri wanajua?"

"Hawajauliza, Abti."

"Huyu mnunuzi wangu naye hakuuliza."

Mwanangu, nimegongwa na wanaume wazito kuliko mlango wa ghala, na hakuna aliyenipata kama maneno hayo. Niliona aibu. Jioni nikampigia simu daktari wa timu nikamweleza yote.

Niliporudi Marekani walilipiga goti picha, wakakuta kano imekatika nusu. Mgongano mmoja zaidi, daktari alisema, ungeniachia mguu wa kuburuta. Mkataba ukafutwa, nafasi yangu akapewa mwingine, nami nikalia, ndiyo, mimi na shingo yangu. Baada ya mwaka mzima wa matibabu, timu ndogo ilinichukua ikijua kila kitu, nikacheza misimu miwili. Haikuwa fahari niliyoiota. Siku nyingine bado inaniuma, sitakudanganya.

Basi wewe unayeanza kazi sasa, iwe uwanjani, ofisini au dukani, nisikilize, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilibakiza kidogo tu. Kuvumilia ni sifa, lakini kuvumilia si kuficha. Anayekuajiri ananunua nguvu zako, kwa hiyo mtajie kasoro kabla hajauliza. Ukipoteza kazi kwa kusema kweli, utakwenda kutafuta nyingine kwa miguu yako mwenyewe.

Allah akupe riziki isiyokulazimisha kuficha kitu, akuwekee karibu watu wa kukwambia kweli mapema, na akuzeeshe ukiwa mzima. Amin.