Doto Asiyemtangulia Kulwa

Mwalimu Levina alirudi kutoka semina ya Nzega akiwa na jambo moja lililomkaa moyoni: kwamba mtoto hujifunza kwanza pamoja na mwenzake, ndipo aweze peke yake. Mwezeshaji aliwaeleza kuwa kila mtoto ana kazi asiyoiweza leo akiachwa, lakini anaiweza akiwa na mtu aliyemtangulia hatua moja. Na msaada huo hupunguzwa kidogo kidogo mpaka asimame mwenyewe. Levina, aliyefundisha hisabati miaka ishirini na sita kwa kuandika ubaoni na kufuta, alijiona kama aliyekuwa akimwaga maji nje ya mtungi.

Darasa lake la nne, katika shule moja ya kata ya Cheyo mjini Tabora, lilikuwa na watoto themanini na wanne na madawati ishirini na manane. Aliyageuza madawati yakatazamana, akagawa karanga za kuhesabia, kisha akamkalisha kila anayejua hesabu za sehemu, kama nusu na robo, na asiyejua bado. Mkuu wa shule, Mwalimu Adinani, alitazama mlangoni na kusema, "Wiki tatu, mwalimu. Jaribio la Ijumaa ya mwisho litasema kama tunaendelea."

Katika jaribio la wiki ya pili, Doto, binti aliyezoea kupata kumi na nane kati ya ishirini, alipata saba. Pacha wake Kulwa, ambaye Levina alikuwa amemweka chini ya uongozi wa Doto, alipata saba vilevile, na makosa yao yalifanana kosa kwa kosa.

"Huyu alikuwa wa pili darasani," alisema Mwalimu Adinani. "Umemshusha."

Levina alikwenda kusimama karibu yao. Aliwapa karanga kumi na mbili na kuwataka robo tatu. Kulwa alitenga nne. Doto alizitazama, midomo ikamchezacheza, mkono ukatoka kidogo na kurudi mapajani. Kisha akaandika nne.

"Doto, nne ndiyo robo tatu?"

"Kulwa amesema nne, mwalimu."

"Nimekuuliza wewe."

Mtoto aliinamia daftari. Levina aliondoka na hasira, nusu yake juu ya mtoto, nusu juu ya nafsi yake, bila kujua ipi ilikuwa kubwa zaidi.

Jumatano ya wiki ya tatu, mama wa mapacha alifika ofisini. Jina lake Siwema.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Sikuja kugombana. Ila Doto anakataa shule. Anasema mwalimu anamtaka amsahihishe Kulwa mbele za watu." Alitabasamu kidogo. "Kwetu Kulwa ndiye aliyetangulia kutoka tumboni. Ananawa kwanza, anachagua gauni kwanza, Doto anafuata. Wewe si Mnyamwezi, mwalimu?"

"Ni Mnyamwezi," alijibu Levina. "Na mama yangu mdogo alizaa mapacha."

"Basi ulijua."

Alijua. Hilo ndilo lililomchoma. Semina nzima ilikuwa inasema mtoto huja darasani na nyumba yake yote, naye aliandika sentensi hiyo na kuipigia mstari, kisha akapanga watoto kwa orodha ya alama.

Alhamisi alimhamishia Kulwa kwa Nassibu, mtoto mpole aliyekuwa akiuliza badala ya kutoa majibu. Doto akapelekwa kikundi cha mwenzao Recheli. Ijumaa, kwenye jaribio la mwisho, Doto alipata kumi na saba, na Kulwa tisa. Levina alizibeba karatasi hadi ofisini akitembea haraka kuliko umri wake.

Mwalimu Adinani alisoma ya Doto tu. "Unaona? Umemtoa kwenye vikundi, amepona."

"Hajatoka kwenye vikundi, mkuu. Amehama kikundi. Kosa lilikuwa langu la kuwapanga, si la njia yenyewe. Na Kulwa amepanda kwa siku mbili."

"Tisa ni kufeli, mwalimu."

"Kutoka saba."

"Wazazi wanasoma alama, hawasomi semina." Hakuwa mtu mbaya, alizirudisha karatasi kwa mikono miwili. "Jumatatu madawati yatazame ubao."

Jumatatu yalitazama ubao. Watoto waliyaburuta wenyewe wakicheka, kwao ulikuwa mchezo. Levina aliokota karanga sakafuni. Vikundi kumi na vinne viliisha kabla ya kengele ya saa mbili. Lakini kila dawati bado lilikuwa la watu watatu, na hakuna aliyekuwa ameagiza nani akae na nani. Alimwita Kulwa akaketi na Nassibu, pembeni, dirishani. Dawati moja kati ya ishirini na manane.

Aliandika swali ubaoni. Nyuma yake sauti ndogo ya Nassibu ikauliza, "Kwa nini umegawa kwa nne kwanza?" na Kulwa akaanza kueleza, akikosea, akirudia. Levina aliendelea kuandika asiwakatize, ingawa swali lilikuwa limekwisha.