Udi wa Vitunguu

Mara ya kwanza kuuona udi ule, ulikuwa umejaa vitunguu. Ulikuwa umeegemezwa ukutani jikoni kwa bibi mmoja pale mtaa wa Kator, Juba, shingo juu, tumbo chini. Bibi alitia mkono kwenye tundu kubwa lililo katikati ya uso wa udi, akatoa kitunguu, akakikagua, akakirudisha, akatoa kingine kikubwa zaidi.

Nilikuwa nimealikwa chakula cha mchana na mwenzangu wa kazini. Ilikuwa miaka ile ya mkataba wa amani, na benki yetu ilikuwa imefungua tawi Juba kabla hata barabara ya kulifikia haijapata lami. Mimi nilitoka Nakuru. Yeye alikuwa mwenyeji wa Juba aliyekulia Nairobi, amerudi kwao na mtoto tumboni na Kiswahili cha mtaani kilichonishinda mimi Mkenya. Bibi wa vitunguu alikuwa nyanya yake, fundi cherehani, mjane wa miaka mingi.

"Muulize kama anajua hicho ni nini," nilimwambia mwenzangu.

Akamuuliza kwa Kiarabu cha Juba. Bibi akajibu bila kugeuka.

"Anasema ni kapu," mwenzangu akatafsiri. "Anasema zamani kilikuwa mke mwenza wake, lakini sasa ni kapu."

Mume wake alikuwa mpiga udi. Alipokufa, bibi aling'oa lile pambo la mbao lililochongwa kwenye tundu, akaona kwamba ndani pana nafasi na hewa nzuri, basi. Nikamwambia kwamba chombo kama hicho ni urithi, ni historia, ni kitu cha kuheshimiwa. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama naweza kukipiga.

Hapo ndipo nilipodanganya. Mimi nilikuwa nimepiga gitaa kanisani kwetu kwa miezi minane, mpaka mchungaji akaniita pembeni na kuniomba kwa upole nimtumikie Mungu kwa njia nyingine. Udi sikuwahi hata kuushika. Lakini nilisema naweza, kwa sababu nilikuwa nakaa kwenye kontena lililogeuzwa nyumba, jirani yangu akiwa jenereta, na nilikuwa nimechoka kuhesabu misumari ya dari.

Bibi akaumwaga. Vitunguu vikatawanyika sakafuni. Akanipa udi kwa sharti moja: kila Jumapili baada ya misa niulete nimpigie, asikie kama nausema ukweli au nausingizia.

Sikujua kwamba mwanamke yule, ambaye hakuwahi kugusa uzi hata mmoja, alikuwa amekaa chumba kimoja na udi ule miaka yote ya ndoa yake. Alijua kila sauti iliyokaa sawa na kila iliyopinda, kama mtu anavyojua mkoromo wa mumewe.

Shida ya kwanza ilikuwa nyuzi. Udi una nyuzi kumi na moja, kumi zimepangwa mbili mbili na moja nene peke yake. Ule wangu ulikuwa na mbili tu, ngumu kama majani makavu. Nikaenda soko la Konyokonyo, nikauliza kila duka la vitu vya Khartoum kama lina mambo ya udi. Nikaletewa vijiti vya kufukizia, vya aina tatu, na mwenye duka akanishauri kile chekundu kwa ajili ya chumba cha kulala.

Ndipo nikaanza kile nilichokiita utafiti. Utafiti wangu ulikuwa na daftari, rula ya benki, na kurasa nilizochapisha ofisini meneja akiwa kwenye mkutano. Nilipima uzi kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja, kile kibao kidogo kilichogundishwa usoni ambacho nyuzi hufungwa. Nilichora vigingi. Niliandika maneno kama "mvutano" na kuyapigia mstari. Kisha, baada ya elimu yote hiyo, nikamwagiza rafiki Nairobi aniletee nyuzi za gitaa za chuma, kwa sababu ndizo nilizozijua, na nikazifunga.

Udi ulilia kama bati. Jumapili ya kwanza bibi alisikiliza kwa dakika moja, akaendelea kushona. Jumapili ya pili akasema neno ambalo mwenzangu alikataa kulitafsiri. Jumapili ya tatu akasema, "Kalas," yaani basi, tosha, na akanyoosha mkono anipokonye udi. Nikamsihi aniachie hadi ubatizo.

Maana mwenzangu alikuwa amejifungua salama, na mtoto alikuwa akibatizwa mwezi ule. Baada ya kanisa kungekuwa na chakula nyumbani kwake Gurei, na mimi, kwa ujinga ambao hadi leo sijaupatia jina, nilikuwa nimejitolea kutumbuiza.

Siku ikafika. Maturubai yalikuwa yametandazwa uani, viti vya plastiki vimepangwa, na mgeni wa heshima alikuwa mjomba wa mwenzangu, ofisa wa jeshi aliyekuja kutoka Bilpam, kambi kuu ya jeshi, na walinzi wawili. Alikaa mbele kabisa, sahani ya kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, na mchuzi wa bamia mapajani, shati jeupe lililonyooshwa likanyooka. Bibi alikaa nyuma yake. Nikakaa kwenye kigoda, nikakaza uzi mnene mara ya mwisho kwa sababu ulikuwa umelegea kwa joto, na nikaanza.

Sikufika mbali. Zile nyuzi za chuma zilikuwa zimelivuta daraja wiki zote hizo, na gundi ya zamani ikachoka. Daraja liling'oka lote kwa mpigo mmoja, na mlio wake ulikuwa mlio wa risasi.

Juba ya miaka ile haikuhitaji kuambiwa mara mbili. Kabla sijajua kilichotokea, watu wote walikuwa chini. Viti vilipinduka, mama mmoja alimfunika mtoto mchanga kwa mwili wake, padri aliingia chini ya meza kwa wepesi ambao sikuutarajia kwa mtu wa umbo lake. Walinzi walikuwa wamepiga goti, bunduki zimeelekezwa, moja ukutani, moja kwangu. Aliyebaki amekaa ni mimi peke yangu, damu ikinitoka kidevuni pale daraja liliponichapa, nyuzi zikining'inia kifuani kama utumbo.

Ofisa akainua kichwa polepole. Bamia ilikuwa imemwagika kuanzia kola hadi mkanda.

"Nani napiga?" akauliza. Kiswahili chake alikipata Uganda, huko alikokaa wakati wa vita.

"Ni mimi, mkubwa."

"Wewe napiga nani?"

"Sijapiga mtu. Nimepiga udi."

Alinitazama. Mlinzi naye alinitazama, na mdomo wa bunduki pia. Kisha nyuma, kutoka chini ya kiti kilichopinduka, bibi akaanza kucheka. Alicheka akiwa amelala chali, mikono tumboni, akasema kitu kwa Kiarabu, na ua wote ukaangua kicheko.

"Anasema nini?" nikamuuliza mwenzangu, aliyekuwa bado ananikodolea macho ya kuniua.

"Anasema miaka yote alimwombea marehemu mumewe apate aibu kama hiyo, na Mungu amemjibu kwa mtu asiyehusika."

Ofisa alijipangusa kwa kitambaa cha altari, ambacho padri alikitoa kwenye mkoba wake wa misa akampa bila kufikiri. Nilidhani nitafukuzwa nchini. Badala yake akauchukua udi, akaugeuza, akaingiza kidole kwenye jeraha la daraja.

"Hii kamba ni mbaya," akasema. "Kamba ya chuma ni ya kufunga mbuzi. Wewe kuja kwangu Jumamosi."

Jumamosi nikaenda Bilpam nikiwa nimeoga mara mbili na kumwachia mwenzangu namba ya simu ya mama yangu. Ofisa alikuwa uani kwake, amevaa fulana, miguu pekupeku. Akaingia ndani, akatoka na rababa, kile chombo cha kwao cha nyuzi tano zilizotandazwa kwenye fremu ya miti. Wengine hutumia bakuli la mbao au gamba la kobe kwa tumbo lake. Ya kwake tumbo lilikuwa kofia ya chuma ya askari iliyofunikwa ngozi ya mbuzi.

"Niliitengeneza msituni," akasema. "Kamba ya kwanza ilikuwa waya ya simu ya jeshi. Wakubwa nakosa simu siku mbili, mimi iko na muziki."

Akapiga. Vidole vile vinene vilikuwa vinagusa nyuzi kidogo tu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Nilitoa daftari langu. Aliniuliza naandika nini, nikasema napima. Akasema nipime kwa sikio, akairudisha rababa mapajani, akanionyesha: uzi uliolegea kiasi huimba, uliokazwa sana hupiga kelele, na hatimaye hung'oa kitu. Nikaandika hilo pia. Ndilo jambo pekee la maana katika daftari lile.

Daraja nililigundisha upya kwa gundi ya seremala, nikalibana na tofali kwa siku tatu. Nyuzi nyembamba nilizipata kirahisi: uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Lakini nyuzi nene hazitaki nailoni tupu. Zinataka moyo laini uliozungushiwa waya mwembamba, na waya huo lazima ukae pete kwa pete bila kuacha nafasi. Nilipata waya wa shaba kutoka kwenye mota ya feni iliyoungua. Nilijaribu kuuzungusha kwa mkono nikapata kitu kama mkia wa panya aliyeungua.

Bibi ndiye aliyenikwamua. Alinitazama nikihangaika Jumapili moja, akasonya, akaninyang'anya. Akafunga ncha moja ya nyuzi zake za hariri za kushonea kwenye gurudumu la cherehani yake, nyingine akanipa mimi niivute, akaanza kukanyaga. Gurudumu likazunguka, hariri ikazunguka nalo, na yeye kwa vidole viwili akauongoza waya ukajilaza pete baada ya pete. Uzi wa kwanza ulikatika, wa pili ukawa na uvimbe katikati. Wa tatu ulitoka mzuri.

Tulitengeneza tano namna hiyo, kwa Jumapili nne. Alipokuwa akikanyaga alikuwa anaimba wimbo mmoja bila kufungua mdomo, uleule kila wiki, nami nikaushika. Nyuzi zilipotimia nikaufanyia mazoezi kwenye kontena mpaka jirani jenereta akapata mpinzani. Kisha nikaenda Kator nikampigia.

Hakusema kalas. Aliacha kushona. Nilipomaliza, nikamwomba mwenzangu amuulize ni wimbo gani.

Bibi alijibu kwa kirefu. Mwenzangu akakuna kichwa.

"Anasema babu alikuwa na mwanamke mtaa wa Malakia. Kila akitoka kwake, alikuwa anapiga huu akiwa bado mlangoni, ili haboba, nyanya yangu huyu, asimfokee."

"Na alimsamehe?"

Alipoulizwa, bibi alichukua mkasi wake.

"Anasema hapana," mwenzangu akasema. "Anasema rudia ile sehemu ya katikati. Uliikimbiza."

Nikairudia. Nikairudia Jumapili nyingi baada ya hapo, na ilichukua muda mrefu kabla ya bibi kukubali kwamba siikimbizi.

Benki ilinihamishia Nairobi miezi michache kabla ya kura ya maoni ya kujitenga. Udi niliurudisha Kator, na bibi akampa ofisa, kwa kuwa yeye, alisema, angalau ana walinzi. Nilinunua mwingine hapa, mpya, wa nyuzi za dukani, na sijauzoea.

Ofisa hunipigia simu mara mojamoja. Mara ya mwisho alisema kamba ya tatu inalia kama mbuzi mgonjwa. Nikamwambia ailegeze nusu mzunguko. Akaiweka simu mezani bila kukata, na nikamsikia akigeuza kigingi na kugonga uzi, akigeuza na kugonga, akimtukana mtu kwa lugha ya kwao. Nilikuwa na mteja mbele yangu dirishani. Nilimwomba asubiri kidogo.