Sauti ya Jerbanu

Jerbanu Kotwal alishona sudreh kwa miaka arobaini na moja katika majengo yetu hapa Bombay. Ile fulana nyeupe ya pamba, yenye kifuko kifuani cha kuwekea, kwa ishara tu, matendo mema ya mtu, karibu watoto wetu wote walipoingizwa katika dini yetu ya kusali mbele ya moto waliivaa ikitoka mikononi mwake. Mume hakuwa naye, mtoto hakuzaa, lakini kila mtoto aliyekimbia ngazini, yeye ndiye aliyemvisha. Hiyo ndiyo ilikuwa familia yake.

Sarosh wa ghorofa ya pili ni mmoja wa hao. Alipokua akawa mtengeneza filamu, zile za taratibu zisizo na ngoma wala ngumi, akamwomba Shangazi Jeru, ndivyo tulivyomwita Jerbanu, amruhusu kumpiga picha akishona. Msimu mzima wa mvua alikuwa haondoki pale. Jeru akamzoea kama mtu anavyozoea paka wa nyumbani.

Alasiri moja Sarosh akaifunika kamera kwa kitambaa. "Nimezima, shangazi. Sasa tunywe chai."

Wakanywa. Mvua ilikuwa nyingi na kijana alikuwa msikivu, basi Jeru akamsimulia jambo ambalo hata mimi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, sikulijua. Akiwa na miaka ishirini na miwili aliolewa kwa siri na karani wa reli, Mhindu, mtu asiye wa dini yetu. Walikaa miezi mitatu, baba yake akaja kumchukua. Wazee wetu wengi wangesema mwanamke wa namna hiyo alishatoka kwetu. Hafai kusimama mbele ya moto mtakatifu, sembuse kumshonea mtoto sudreh.

Filamu ikaonyeshwa ukumbini kwetu. Mwanzoni tulicheka. Kwenye picha yai lilichemka muda mrefu hata jirani yetu Dinshaw akauliza kama wote tutagawiwa. Kisha ikaja mikono ya Jeru, sindano ikienda polepole, na juu yake sauti yake mwenyewe ikimtaja yule karani kwa jina. Jeru alikuwa mstari wa mbele, amevaa sari yake ya harusi za watu.

Mlangoni akamshika Sarosh mkono. "Uliniambia umezima."

"Picha nilizima, shangazi. Sauti ndiyo… Lakini hapo ndipo pazuri kuliko pote. Huko Ulaya watu wamelia."

"Wana haki ya kulia, hawaishi ngazi moja na mimi. Patoe."

Akasema haiwezekani tena, filamu imeshapelekwa kwenye matamasha.

Wiki hiyo hiyo Tehmina, ambaye mjukuu wake alikuwa karibu kuingizwa katika dini, akatuma ujumbe kwamba Jeru asijisumbue, sudreh imepatikana kwingine. Wakafuata wengine wawili. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia kwa adabu kuliko zamani, na hiyo ndiyo iliyomuuma.

Sarosh alipokuja, nilikuwepo namenya njegere. Alisema mengi: atazungumza na makuhani, atawaeleza akina Tehmina. Jeru akamvutia kiti, akamtilia chai ya nanaa, akampakia mkate siagi. Hakutoa neno. Kijana akageuza mifuko yake yote, akamwaga mezani funguo, leso, simu aliyoizima.

"Tazama, shangazi, sina chochote cha kunasia sauti. Basi hata nitukane."

Jeru akavitazama vile vitu kimoja kimoja. Akamwongezea sukari.

Mpaka leo Sarosh huja kila Ijumaa. Chai anapata.