Ekuteri za Kakoba

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho huko Ruharo, hospitali ya macho ya Mbarara. Siku ya kuruhusiwa, nesi alitukalisha kwenye benchi akatueleza masharti. Mama asiinamie jiko, asibebe dumu la maji, asilisugue jicho, na lisiingie maji wala moshi wala vumbi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa lugha yetu ya nyumbani kama yule nesi amewahi kufika Nakivale, kambi ya wakimbizi tunakoishi.

Tulipita Kakoba, mtaa wa hapo hapo Mbarara, kabla ya kupanda gari la kurudi. Nilimwacha mama apumzike kwa mwanamke mmoja wa kanisa letu anayepanga pale, nikaenda kutafuta nyuzi na zipu, maana mimi ni fundi wa kushona. Karibu na duka la nyuzi palikuwa na kibanda cha vitu vya simu, na ndani ya kioo vilipangwa vile vidude vyeupe vya kuweka masikioni, visivyo na waya. Sisi Wakongomani tunaviita ekuteri. Nilikuwa nimeviona kwenye masikio ya wanafunzi wa Mbarara nikavitamani, lakini siku hiyo haikuwa tamaa tu. Nyumba yetu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Cherehani yangu iko upande huu, kitanda cha mama upande ule, na kuanzia hapo mama alitakiwa atulie. Nilifikiri nitaweza kushona huku nikisikiliza kwaya zangu na jumbe za ndugu bila kumsumbua.

"Nyabo, hii ni orijino kabisa," mwenye kibanda aliniambia, akiniita mama kwa lugha ya huku. "Utaweka chaji leo, utasahau."

Aliniwekea moja sikioni. Nililisikia gitaa la kwaya likilia katikati ya kichwa changu, safi, kana kwamba mpigaji amekaa ndani yangu. Nikanunua.

Siku za kwanza nilifurahi kama mtoto. Nilikanyaga cherehani nikiimba, mpaka mama akaniuliza kutoka nyuma ya pazia, "Unaimba na nani?" Nikamwonyesha. Alipoweka moja sikioni mwake, mwanamke wa ndani ya kile kidude alisema neno lake la Kiingereza kwamba simu imeunganishwa, na mama akakitoa haraka. "Huyu mwanamuke ni nani? Anakaa humu?" Tulicheka mpaka nikamkumbusha kwamba jicho halitaki kutikiswa.

Halafu ekuteri ya kulia ikaanza kukohoa. Sauti ilikuja ikaenda, ikarudi imejaa mchanga. Baadaye zote mbili zikawa zinakata bila kuaga, na simu, ikiona ekuteri zimekufa, mara inyamaze, mara iendelee kusema yenyewe kwa sauti yake kubwa. Niliziweka chaji usiku kucha, nikazipangusa kwa kitambaa, nikazima simu nikaiwasha. Zikipona asubuhi, mchana zimeugua tena. Ilinikera, lakini niliendelea kuzivaa.

Mama mdogo wangu, mdogo wake mama, alibaki Uvira, huko Kongo. Hajui kuandika sana, hivyo hutuma sauti. Ujumbe wake huwa mrefu: anasalimia nyumba nzima, anauliza mvua, anauliza maharage, ndipo anafika kwenye jambo lenyewe. Pale Uvira alikuwa akiishi na kaka yao, mjomba wangu, ambaye alikataa kukimbia kila mara watu walipokimbia. Tulijua anaumwa. Hatukujua kiasi gani.

Ujumbe ulifika mchana, mama amekaa kwenye mkeka mlangoni, jicho lake limefunikwa kwa pamba na plasta, akichambua maharage kwa vidole tu. Simu ilikuwa juu ya meza ya cherehani. Nilivaa ekuteri nikabonyeza. Safari hii mama mdogo hakusalimu nyumba. Alivuta pumzi, akaniita jina langu, akaanza kulia. Nilijua hapo hapo. Mguu wangu uliganda kwenye kanyagio.

Kwetu habari ya msiba ina njia yake. Baba alipofariki, miaka mingi iliyopita, walikuja watu wazima wa kanisa na shangazi yangu. Waliingia, wakaomba maji, wakakaa. Shangazi alikaa karibu kabisa na mama, bega kwa bega, na mikono yake ilikuwa tayari imemshika kabla mzee wa kanisa hajafungua mdomo. Mimi niliposikia ile sauti ya mama mdogo, kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kupanga. Nitamwita mchungaji. Nitamwita jirani yetu Mrundi, maana mama anampenda. Tena tutasubiri kwanza jicho lipone.

Ekuteri zikalia ti-ti-ti, zikafa. Simu ikaendelea yenyewe, kwa sauti kubwa, chumba kizima:

"...kaka yetu haiko tena. Balimuzika jana, pale fasi baba analala. Alikuwa anamuuliza mingi dada yake. Kila siku anamuuliza..."

Niliirukia simu. Kwa haraka yangu niliiangusha chini, nayo ikaendelea kusema kutoka sakafuni, chini ya cherehani, mpaka nilipoipata na kuizima.

Mama hakupiga kelele. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya ungo. Alisema, "Rudisha."

"Mama, ngoja kwanza, tuite—"

"Rudisha nisikie muzuri."

Nikarudisha. Tulisikiliza ujumbe wote, kuanzia ile pumzi ya kwanza. Mjomba alishikwa na homa, akapelekwa hospitali, akarudishwa, akakataa kula. Mama mdogo alieleza mpaka nguo waliyomzika nayo. Ujumbe ulipoisha nilimwona mama uso unaanza kumvunjika, nami nikasema neno ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi.

"Mama, usilie. Nesi alisema jicho."

Alinigeuzia ule upande uliokuwa wazi. "Basi nilie na jicho gani?"

Akalia na yote mawili. Pamba ililoa, plasta ikaachia pembeni, na mimi nilipiga magoti mbele yake nikiwa na kitambaa safi mkononi, nisijue nimfute au nimwache. Nilikuwa bado nimevaa ekuteri.

Majirani walikuwa wamesikia kila kitu kupitia ukuta. Yule mama Mrundi aliingia wa kwanza, bila kubisha. Alikaa nyuma ya mama akamkumbatia kutoka mgongoni, akaanza kusali rozari yake kwa Kirundi, ingawa sisi si Wakatoliki. Mama alimwegemea. Watu wa kanisa walikuja jioni, wakaomba maji, wakakaa. Mzee mmoja alifungua mdomo aanze yale maneno ya kumwandaa mtu, kisha akaona hakuna wa kuandaliwa, akanyamaza.

Tuliporudi Ruharo kuangaliwa jicho, nilikuwa na hofu kubwa kuliko mama. Nesi alitoa pamba, akainua vidole, mama akavitaja. Jicho lilikuwa zima. Nesi alifurahi, nami nilimshukuru Mungu palepale kwenye kiti. Mama alisema tu, "Ninaona." Ndani ya gari alikaa akitazama nje, ng'ombe na migomba vikipita, na hakuniambia anaona nini.

Kabla ya kupanda gari nilikuwa nimepitia kile kibanda cha Kakoba. Mwenye nacho alizigeuza ekuteri kwenye kiganja akacheka kidogo.

"Hizi ni za China, nyabo. Zinaharibika."

"Uliniambia ni orijino."

"Ndiyo, orijino ya China." Alinionyesha nyingine kwenye kioo. "Hii ndiyo nzuri. Chukua hii."

Nilitaka kumwambia kilichotokea nyumbani kwangu. Nilimwangalia, nikaona hata nikimwambia ataniuzia tu nyingine. Nikaziacha juu ya kioo chake nikaondoka. Aliniita, "Nyabo, umesahau vitu vyako!" Sikugeuka.

Sasa mama anaona mpaka uzi anaweza kunitungia sindano. Lakini zamani sauti ya mama mdogo ikifika alikuwa anasogea, anaweka sikio karibu na simu, anamjibu kana kwamba anamsikia. Siku hizi simu ikilia ananyanyuka, anajifunga kitenge, anatoka kwenda kwenye shamba letu la maharage. Anakaa huko amenipa mgongo. Nikimaliza kusikiliza namfuata, namwambia wanasalimia, wote wazima, na mara nyingi ni kweli. Anaitikia, "Ee," anaendelea kupalilia.

Mama mdogo ananiuliza kwa nini dada yake hamjibu tena. Namwambia yuko shambani.