Mama mkwe aling'oa mito yangu akidhani ni magugu, kumbe mimi nilikuwa nimefyeka mboga yake

Wakuu, niaje. Hii siongezi chumvi, imetokea hapa kwangu Murera na bibi yangu ameketi kando anasoma nikiandika.

Mimi ni mtu wa Kakamega, nafanya kazi kwa kiwanda huko Thika. Bibi, Wanjiru, ni Mkikuyu wa Theta. Tumepata msichana, Neema, na tunashukuru Mungu.

Shida ilikuwa damu. Baada ya kujifungua Wanjiru akisimama anaona kizunguzungu. Kliniki wakapima, wakasema damu iko chini, wakampa tembe na kumwambia akule mboga za kijani. Arudi baada ya wiki sita.

Mama mkwe akasikia. Akaniambia hivi bila kupepesa macho, "Baba Neema, mtoto wangu amekauka. Akipimwa tena kama damu haijapanda, namchukua na mtoto wake tuende Theta nikamlishe."

Wazee, hiyo iliniuma sana. Mwanaume mzima naambiwa sijui kulisha watu wangu!

Sasa, nyuma ya nyumba niko na kashamba. Nilikuwa nimepanda mboga za kwetu, mito na mrenda, mbegu nilitumiwa na mamangu. Mito ni ile ya maua ya manjano, majani yake yako na uchungu kidogo. Kwetu mama akizaa lazima azikule.

Na ndio mama mkwe akikuja apate kwangu ni safi, nikashika panga nikafyeka majani fulani ya kuwasha yalikuwa yamejaa kwa fensi. Yaliniwasha mikono mbaya, lakini nikajipongeza.

Akakuja Jumamosi na nduthi ya bodaboda, mimi niko shifti. Huyo mama hawezi kukaa bure. Akaona kashamba "kamejaa magugu," akainama.

Narudi saa tisa napata mito yote imeng'olewa, imepangwa rundo moja safi kabisa.

Mayi we!

Na yeye ako na kesi yake. "Baba Neema, hapa kwa fensi kulikuwa na thabai. Ni nani amemaliza mboga ya mtoto wangu?"

Mboga? Yale majani ya kuwasha? Na mikono yangu bado iko na vipele!

Wanjiru alicheka hadi akashika ukuta. Akasema, "Kila mtu amefyeka chakula ya mwenzake, na nyinyi wote mnajiita wakulima."

Nikaenda kwa rundo. Mito ilikuwa haijanyauka, nikachambua majani mwenyewe. Hapa wazee wa nyumbani mnisamehe, kwetu hata kukula meza moja na mama mkwe ni shida, wacha kumpikia. Nilichanganya na mrenda, nikaweka munyu, ile chumvi yetu ya majivu.

Akachovya ugali, mrenda ukavutika hadi kidevuni. "Haiya! Na hii chakura inateleza!" Lakini aliongeza, tena mara mbili.

Wiki iliyofuata akatoka Theta na thabai. Akanifundisha kuvaa soksi mkononi, kukata zile ncha laini tu. Ukichemsha, kuwasha kunaisha. Halafu unaponda na njahi, zile maharagwe nyeusi, na viazi, mukimo inakuwa kijani hadi unaogopa kuiharibu.

Nikapanda mito upya. Ikingoja kumea, nikawa nanunua kwa mama mmoja wa kwetu soko ya Juja. Leo mito, kesho thabai, hivyo hivyo wiki sita. Na tembe Wanjiru hakuacha, msiniletee lawama hapa.

Siku ya kupimwa, mama mkwe akatupata kliniki na begi kubwa. Nikajua imekuja kubeba nguo za bibi yangu.

Nesi akasoma karatasi. "Damu imepanda vizuri. Mama, endelea na hiyo unakula."

Wakuu, nilitoka hapo kifua mbele kama mtu ameshinda uchaguzi!

Mama mkwe akafungua begi. Ndani hakuna kitu. "Nipatie mbegu ya ile mboga yenu nipande kwangu. Wamama wa chama chetu wakiuliza, nitawaambia ni mboga ya kijana wangu."

Si mkwe. Kijana wangu.

Funzo ni hili: kabla ushike panga, uliza jirani hiyo majani kwao inaitwaje. Haya, wewe juzi umefyeka nini, na kwa nani hiyo ni chakula? Andika hapo chini, Wanjiru anasoma zote.