Stesheni Niliyoishona kwa Ukindu

Juzi mjukuu wangu alitupa chupa ya plastiki kwenye jaa lililokuwa likiwaka nyuma ya nyumba. Harufu iliponifikia nilijikuta nimekaa tena sakafuni kwetu Gazi, sindano ya moto mkononi. Wengine huikimbia harufu ile. Mimi huisogelea, halafu nakohoa.

Nataka kuieleza stesheni niliyoishona nikiwa na miaka kama kumi. Shule nilisoma miaka mitatu tu, basi nikiteleza mtanistahimilia. Nitakalojitahidi ni kutompunguzia mtu haki yake, hasa Bi Mkasi.

Baba alikuwa bara, akifanya kazi ya kupakia mizigo kwenye reli. Huku kwetu kusini reli haikuwako, na treni tuliijua kwa jina tu. Miezi ilipita bila habari zake, kisha mtu wa Vanga aliyekuwa akirudi kwao akatuletea barua, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mama hakujua kusoma. Mwalimu wetu wa chuoni, aliyetufundisha Kurani, akaisoma barazani, kwa sauti ileile aliyotusomeshea, na majirani wote wakasikia: "Niko stesheni. Sina ruhusa ya kutoka. Nikipewa ruhusa nitakuja. Msiwe na wasiwasi."

Sasa, neno stesheni kwetu lilikuwa na maana moja, nayo ni ya polisi. Ukiambiwa fulani yuko stesheni, uliuliza amefanya nini. Na miaka yenyewe ilikuwa ile ya Hali ya Hatari, hata sisi watoto tulisikia kwamba huko bara watu walikamatwa njiani.

Kesho yake kisimani, Bi Mkasi, jirani yetu wa mlango wa pili, alisema huku akivuta kamba, "Ruhusa ya kutoka! Mtu huomba ruhusa ya kutoka pale alipofungiwa." Wanawake wakacheka. Mama akajitwika ndoo yake ikiwa nusu, akaenda zake. Tangu siku hiyo alikuwa akiteka maji adhuhuri, jua la utosi, wakati kisima hakina mtu.

Kwa haki, Bi Mkasi hakuwa mtu mbaya. Mama alipomzaa ndugu yangu, ni yeye aliyetupikia siku zote arubaini. Ila ulimi wake ulikuwa haujui kukaa.

Mjomba wangu Hamisi alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja kule Diani. Watoto wa Mzungu yule walikuwa wamekua, na michezo yao ikagawiwa. Mjomba akaniletea sanduku la karatasi ngumu lenye picha juu ya mfuniko: nyumba ndefu, treni mbele yake, watu wamesimama na mizigo.

"Hii ndiyo stesheni anayofanya kazi babako," akasema. "Ya treni, si ya askari."

Nikauchukua mfuniko mbio mpaka kwa Bi Mkasi. Nafikiri hata shikamoo nilisahau. Akautazama, akanirudishia.

"Mwanangu, hata mimi nina picha ya Makka ukutani. Je, nimeshahiji?"

Basi nikaazimia. Nitaisimamisha nyumba yenyewe, aione kwa macho, na Mama ateke maji asubuhi kama wenziwe.

Sandukuni mlikuwa na vipande vya plastiki vilivyoshikamana na vijiti vyao, kama dagaa waliotungwa kwenye upapi: kuta zilizochorwa matofali, paa, milango midogo kuliko ukucha. Plastiki ilikuwa jambo geni kwetu. Bibi yangu aliyemzaa Mama, ambaye kutwa alikuwa akisuka mikeka, alikigonga kipande kimoja kwa kidole akakiita mfupa. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kizungu, lakini nambari nilizijua. Gundi yake ilikuwa imekauka kama jiwe.

Nikakwangua utomvu wa mkorosho. Ukuta ulisimama mpaka alasiri, ukalala. Nikapika unga wa ngano ukawa uji mzito. Sisimizi wakaja wakaula. Nikarudia utomvu, safari hii nikaufunga ukuta kwa kamba. Kila paa lilipoanguka Bibi alisema bila kuinua kichwa, "Fundi, nyumba yako imesujudu tena."

Nililia, sitaficha. Nikaja nikamtazama mikono. Alikuwa akiunga ukili kwa ukili, ile misuko mirefu myembamba ya mkeka, sindano ikiingia na kutoka, na hapakuwa na gundi popote. Nikaomba sindano nyembamba na nyuzi za ukindu. Sindano nikaitia kwenye makaa ya jiko, nikautobolea ule mfupa. Moshi mchungu ukanijaa puani, na tundu likatokea, safi. Bibi akakunja pua. "Ukiichoma nyumba yangu kwa ajili ya nyumba yako, utahamia humo." Lakini alinichambulia nyuzi, na siku ya pili yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuficha fundo kwa ndani.

Siku tisa nilishona. Kovu la kidole gumba ninalo hadi leo. Sakafu ndefu ya mbele, ile wanayosimama abiria, sikujua ni nini, nikaihesabu kuwa baraza.

Yakabaki madirisha. Yalikuwa saba, na kila moja lina vijiti vilivyopishana, kama nondo za mahabusu. Niliyaweka mkononi nikamwona Bi Mkasi akicheka. Basi sikuyatia. Niliyafungia katika kijaluba cha tambuu cha Bibi, na sikumwambia mtu. Hili naliandika kwa sababu ni kweli.

Asubuhi nikaitia stesheni kwenye sinia, nikajitwika mpaka kisimani. Wanawake wakaacha kamba. Bi Mkasi akachutama, akachungulia kwenye matundu ya madirisha, akapitisha kidole mbele ya nyumba.

"Na hili?"

"Baraza. Watu hukaa wakingoja treni."

"Refu kushinda la msikiti." Akainuka. "Sijaona mahabusu yenye baraza, wala madirisha wazi hivi. Nisamehe, Mishi. Ulimi hauna mfupa."

"Mwambie Mama," nikasema. "Si mimi."

Akaenda. Alijifunika leso vizuri, akabisha hodi kwetu, akamwomba Mama radhi mlangoni, mbele ya watu. Kesho yake Mama aliteka maji asubuhi.

Baba alirudi baada ya miezi miwili, amekonda. Aliigeuzageuza stesheni, akaisifu mishono. "Madirisha yako wapi, fundi?" Nikamletea kijaluba. Alichukua moja, akaliweka kiganjani akalitazama muda mrefu, akalirudisha, akafunga kifuniko. "Ulifanya vizuri kutoyatia," akasema. Nikadhani anasifu uzuri wa nyumba.

Nilikwisha kuwa na watoto wangu, na Baba na Bi Mkasi wote wamekwisha kufa, Mama aliponiambia. Kazi ya reli ilikuwa kweli. Lakini barua ile Baba aliiandika akiwa ndani, kwa polisi. Alikamatwa njiani hana karatasi yake ya kazi, akawekwa mpaka mkubwa wake alipokuja kumtoa.

Nilihisi aibu. Nilimfanya mtu aombe radhi kwa neno la kweli. Nikamuuliza Mama kwa nini hakumwambia Bi Mkasi.

"Nilimwambia," Mama akasema. "Wiki ileile aliyorudi babako. Mtu ameniomba radhi mlangoni kwangu, ningemwachaje aamini amekosa?"

Kwa hiyo Bi Mkasi alijua. Miaka yote ile alijua, na kila nilipopita mlangoni kwake aliniita, "Fundi, treni imefika?" nami nikamjibu, "Bado, Bi Mkasi," tukacheka. Wala pale kisimani hakulitaja kamwe, yeye ambaye nimewaambia ulimi wake haukujua kukaa. Neno lile nimelisoma tena, na sikulifuta, ili mwone jinsi nilivyomjua.