Mfano wa Faraja

Ofisini walimwita Mama Kadi, maana kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kupiga chapa kadi za kamusi: neno, asili, maana, mfano. Kadi ya "faraja" ilimkalia mezani wiki nzima. Asili aliimaliza upesi: Kiarabu, kufunguka kwa kilichobana. Mfano ndio uliomtoa jasho. Kila alioutunga ulipoa kama chai ya jana.

Kisha dada yake akafariki. Nyumba ikajaa watu, pole zikamiminika mpaka zikamziba masikio, naye akawa anaelea katikati yao kama aliye ndotoni. Alasiri, fundi cherehani wa nyumba ya pili akaingia. Alifungua dirisha, akaketi kando yake. Upepo ukaliinua pazia polepole, likashuka, likainuka tena. Mama Kadi akavuta pumzi, ya kwanza tangu juzi.

Aliporudi kazini alipiga chapa mfano wake: "Jirani alifungua dirisha."

Mhariri akaikodolea macho ile kadi. "Mama, mbona neno lenyewe halimo?"

"Limo," alisema Mama Kadi. "Soma tena, taratibu."